Mkono Unaotetemeka, na Dawa za Wachina

Msomaji mpendwa, hebu mtazame mzee aliye nyumbani kwako. Ameketi barazani, jua la asubuhi linamwangukia miguuni. Mkono wake wa kuume umelala juu ya goti, haufanyi kazi yo yote, nao unacheza. Kidole gumba kinasuguana na kidole cha shahada, polepole, bila kukoma, kama mtu anayehesabu shanga za rozari. Lakini rozari hana.

Watu wanasemaje? Mmoja anasema, "Ni pombe hiyo." Wa pili anasema, "Ni uzee tu, mwacheni." Wa tatu hasemi kwa sauti. Ananong'ona kwamba mzee amerogwa au, vibaya zaidi, kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeroga na sasa mambo yamemgeukia. Na mzee anasikia. Basi anaanza kujificha. Haendi tena harusini, hanywi uji mbele ya wakwe zake, na kanisani anakaa nyuma kabisa, mkono ameuficha ndani ya koti.

Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Wachina si wageni tena katika nchi yetu ya milima. Makampuni yao yamejenga barabara ya lami kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu mpaka Manyovu, na vijana wetu wengi wamefanya kazi pamoja nao. Zimekuja pia sifa za dawa zao. Mchuuzi anakuonyesha kikopo chenye maandishi usiyoweza kuyasoma, anakuapia kwamba dawa hii inaondoa kisukari, presha, maumivu ya mgongo na kutetemeka kwa mikono. Mwana anayempenda baba yake anashika fedha za maharage mfukoni, anasitasita. Anunue au asinunue?

Swali hilo linastahili jibu la haki, bila kuwadharau Wachina na bila kuwasifu kwa upofu.

UPEPO NDANI YA INI

Kwanza ujue kwamba Wachina hawakuanza jana kuushughulikia ugonjwa huu. Alikuwako mganga wao mmoja jina lake Zhang Zihe, aliyeishi miaka kama mia nane iliyopita. Katika maandiko yake ameacha habari za mzee mmoja wa ukoo wa Ma, mwenye umri wa miaka 59. Mzee huyo alichelewa kulipa kodi ya vuli, na serikali ikamchapa fimbo sitini. Hofu ikamwingia mwilini. Tangu siku zile mikono na miguu yake ikawa inatetemeka, hata hakuweza kushika kitu, na chakula ilibidi alishwe na wengine. Alipofika kwa mganga ilikuwa imepita miaka mitatu. Nadhani wazee wetu wanaoikumbuka kodi ya kichwa watamhurumia mzee Ma kuliko tuwezavyo sisi.

Zhang alimtapisha na kumharisha, kwa maana ndiyo njia aliyoiamini kwa magonjwa mengi, akaandika kwamba mgonjwa wake alipona. Leo hatuwezi kumpima mzee Ma tukajua alikuwa na ugonjwa gani hasa. Ila angalia jambo moja. Mganga yule hakusema "mlevi huyu", wala hakumtafuta jirani wa kumlaumu. Aliuliza umri, akauliza ugonjwa ulianza lini na baada ya jambo gani, akatazama mikono. Naam, hata zahanati zetu za leo hazina mwanzo mwingine.

Mwaka 1602 mganga mwingine, Wang Kentang, alieleza vizuri zaidi. Aliona kwamba kutetemeka huku ni nadra kwa vijana, kunaonekana kwa watu waliopita umri wa makamo, na kwa wazee ndiko kuliko kwingi. Tena alikiri kwamba kwa wazee ni vigumu sana kukutibu. Ukweli wa namna hiyo husikii kwa mchuuzi wa vikopo.

Sasa, wanasema chanzo ni nini? Kwa mafundisho yao ya kale, ini ndilo linaloweka damu na kuinywesha mishipa yote inayovuta viungo. Damu ikipungua kwa uzee, kwa hofu au kwa hasira ya siku nyingi, mishipa inakauka, na ndani ya ini unazuka upepo. Umeliona shamba la migomba wakati wa kiangazi? Udongo ukiwa mkavu, upepo mdogo tu unaitikisa migomba yote. Ndivyo wanavyoufikiria mwili wa mzee.

Hapa msomaji wangu, uwe mwangalifu. Katika Kiswahili neno "upepo" na neno "pepo" ni ndugu, na wengi wakisikia ugonjwa wa upepo wanafikiri mara moja habari za mashetani na za kupunga. Wachina hawasemi hivyo. Upepo wao hauna nia wala jina, hautumwi na mtu, wala hautolewi kwa ngoma. Ni namna yao ya kueleza kitu kinachotikisa bila kuonekana. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba hata Wachina wanakubali kwamba babu yako ana pepo, amekosea kabisa.

Mganga wa Kichina akitaka kumtambua mgonjwa anatazama ulimi, rangi yake na utando wake, na kama nao unatetemeka. Anaweka vidole vitatu juu ya kiwiko cha mkono, mahali mshipa unapopiga, akisikiliza kila kidole peke yake. Kisha anachagua dawa. Mbili ndizo zinazotajwa sana kwa kutetemeka. Ya kwanza inaitwa tianma, nayo ni kiazi cha mmea wa ajabu usio na majani ya kijani, unaoishi kwa kulishwa na kuvu wa ardhini. Ya pili ni gouteng, vijiti vya mmea utambaao wenye miiba iliyopinda kama ndoana. Mambo hayo huchemshwa pamoja na mizizi mingine, na mgonjwa hunywa maji yake. Zamani walitumia pia pembe ya swala wa nyika za Asia aitwaye saiga, na nge waliokaushwa. Saiga aliwindwa mno hata biashara ya pembe zake ikawekewa masharti ya mataifa mwaka 1995.

Halafu ziko sindano. Sindano hizi ni nyembamba kama unywele, hazina dawa ndani. Kwa kutetemeka huchomwa nyuma ya shingo chini ya fuvu, mahali wanapopaita bwawa la upepo, na juu ya unyayo kati ya kidole gumba na cha pili. Miaka ya 1970 mganga Jiao Shunfa alieneza namna ya kuchoma ngozi ya kichwa, naye aliweka sehemu maalum kwa ajili ya kutetemeka.

Sindano hizo si ngeni hapa nchini. Waganga waliotumwa na serikali ya China walifika Unguja mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na timu zao zimefanya kazi Muhimbili, Dodoma, Musoma, na hata Tabora, jirani zetu. Wengi wao walikuwa madaktari wa kupasua na wa macho na wa akina mama, kama madaktari wengine wo wote, na pamoja nao walikuwako wa sindano. Hawa usiwachanganye na mwenye kikopo sokoni.

Je, tiba hizo zimepimwa? Zimepimwa mara nyingi, hasa huko China. Lakini majaribio mengi yalikuwa madogo na hayakufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Wagonjwa wengine waliotumia miti shamba au sindano pamoja na dawa za hospitali walisema wanalala vizuri zaidi na kujisikia nafuu. Kwamba upo mmea au sindano inayouzuia ugonjwa usiendelee, hilo halijathibitishwa. Haki ni kuongeza kwamba dawa za hospitali nazo haziuzuii. Zinampa mgonjwa nafuu tu, ingawa nafuu hiyo ni kubwa.

KUTETEMEKA KUKO KWA NAMNA NYINGI

Mwaka 1817 daktari James Parkinson wa London aliandika kijitabu juu ya watu sita waliokuwa na kutetemeka. Wengine wao hakuwatibu kamwe, aliwaona tu njiani wakipita. Leo ugonjwa ule unaitwa kwa jina lake. Chanzo chake hakimo katika ini. Kiko ndani ya ubongo, mahali padogo ambapo chembechembe fulani hutengeneza kitu kiitwacho dopamini. Dopamini ndiyo inayoulainisha mwendo wa viungo, kama mafuta katika mnyororo wa baisikeli. Chembechembe hizo zikifa moja moja kwa miaka, mwendo unakuwa mzito. Wakati mkono unapoanza kucheza, nyingi zimekwisha kufa zamani.

Ishara zake zina namna yake. Mkono unatetemeka ukiwa umepumzika, na ukishika kikombe unatulia kidogo. Huanza upande mmoja. Hatua zinakuwa fupi, mkono mmoja haupungi wakati wa kutembea, uso unakuwa mkavu kama umekasirika, sauti inafifia, na mwandiko unakuwa mdogo. Wakati mwingine mzee anasimama mlangoni kana kwamba miguu imegandishwa na sakafu.

Lakini uko mwingine, nao ni wa kawaida sana. Huu hauonekani mkono ukiwa gotini. Unakuja pale mtu anapoinua kikombe au kutia uzi katika sindano. Hushika mikono yote miwili, mara nyingine na kichwa, na mara nyingi baba alikuwa nao, na babu pia. Tena una mtego wake mchungu. Akinywa pombe kidogo mkono unatulia kwa saa chache. Watu wanamwona mtu ambaye bila pombe anatetemeka na kwa pombe anatulia, wanapiga kelele, "Tulisema sisi!" Kumbe ni ugonjwa. Hata hivyo pombe isiwe dawa yake, maana kipimo kinaongezeka kila mwaka, na zipo dawa za hospitali zinazosaidia.

Tena liko rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, vidole vinatetemeka kwa haraka, moyo unakimbia, mtu anatoka jasho na kukonda ingawa anakula. Hili linatibika. Wako wanaotetemeka kwa ajili ya dawa walizopewa kwa pumu, kwa kutapika au kwa maradhi ya akili. Yuko mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka. Huyo apewe kitu kitamu upesi. Mlevi aliyeacha pombe ghafula naye hutetemeka, na aweza kufa asipopelekwa hospitali. Mtu aliyelegea upande mmoja ghafula, huyo ni kiharusi, usingoje kesho.

Na sisi wa Kibondo na Kasulu tusisahau malale. Miaka ya 1930 serikali ya wakati ule iliwahamisha watu wa nchi hii na kuwakusanya katika makazi mapya kwa ajili ya mbung'o. Malale yanaweza kuleta kutetemeka, pamoja na homa, kuumwa kichwa na kusinzia mchana. Mrina asali au mwindaji aliyekaa porini siku nyingi akiwa na mambo hayo, amwambie mganga wa zahanati waziwazi kwamba ametoka porini. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha yake.

Unaona basi kosa la mwenye kikopo. Anauza dawa moja kwa magonjwa mengi, naye hajauliza hata swali moja ambalo Zhang Zihe aliuliza.

HUKO HAI, NA PORINI KWETU

Labda utasema ugonjwa wa Parkinson ni wa Wazungu. Sivyo. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu 161,071, na mwaka 2008 wakatangaza waliyoyaona. Walipata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu ye yote kwamba wana ugonjwa huu. Walikuwa wakiishi nao tu, wakiitwa wazee. Watafiti waliporudi kuzungumza na wagonjwa na jamaa zao walisikia yale yale tunayoyasikia hapa: uzee, uchawi, mapenzi ya Mungu, gharama za dawa. Hai ni wilaya yenye barabara na hospitali za siku nyingi. Fikiri basi juu ya vijiji vyetu vya mpakani.

Dawa kuu ya hospitali inaitwa levodopa. Ikiingia ubongoni inageuka kuwa dopamini. Na hapa kuna jambo litakalokushangaza. Dawa hiyo hiyo imo ndani ya mbegu za upupu! Ndiyo, upupu huu huu unaowashia watoto porini. Wahindi wameutumia kwa kutetemeka tangu kale, na mwaka 1937 wataalamu wa India waliitoa levodopa katika mbegu zake. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Bolivia: wagonjwa 18 walipewa unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa, uliopimwa kwa mizani, nao uliwasaidia karibu sawa na vidonge.

Najua utafikiri nini. Tafadhali, usiende kuchuma. Mbegu za mmea huu hazilingani nguvu zake na za mmea ule. Ukizidisha, mgonjwa anatapika, anaanguka akisimama, au anachanganyikiwa na kuona watu wasiokuwapo. Akinywa vidonge na upupu pamoja amekunywa dozi mara mbili. Huko Bolivia madaktari walikuwa wamekaa kando ya kila mgonjwa. Na maharage yetu ya Kibondo, ingawa ni jamaa wa mbali wa upupu, hayana dawa hiyo ya kutosha kumsaidia mtu.

Tena maharage yanaweza kuizuia dawa. Vyakula vya kujenga mwili, kama maharage, nyama, samaki na maziwa, hugombania na levodopa mlango mmoja wa kuingilia. Mzee akinywa kidonge juu ya sahani ya maharage, kidonge kinachelewa au hakifanyi kazi, na nyumbani wanasema dawa ya hospitali haifai. Ameze nusu saa kabla ya kula. Kikimchafua tumbo, ale nacho kipande kidogo cha muhogo. Wala asiache vidonge ghafula, kwa kuwa ni hatari.

Juu ya vikopo nitasema maneno machache. Yako mimea ya Kichina yenye sumu. Huko Brussels, miaka ya mwanzo ya 1990, wanawake wengi waliharibika figo kwa dawa ya kupunguza unene iliyochanganywa na mmea wa Kichina usiokuwa unaotakiwa. Hapa Tanzania iko sheria ya mwaka 2002 inayosimamia tiba asili na tiba mbadala, na mganga wa kweli, awe Mha au Mchina, ana cheti cha kuandikishwa na baraza lake. Mwombe akuonyeshe. Na cho chote mzee anachotumia, mwambie daktari. Usifiche kwa kuona haya.

KILE AMBACHO HAKIUZWI

Katika tiba zote za Wachina kwa kutetemeka, moja imepimwa vizuri kuliko nyingine, nayo haimo katika kikopo. Ni mazoezi yao ya polepole yaitwayo taichi: mtu anasimama, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, anageuka taratibu, mikono ikifuata. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya jaribio la Marekani juu ya wagonjwa 195 wa Parkinson. Waliofanya taichi mara mbili kwa juma, kwa miezi sita hivi, walisimama imara zaidi na kuanguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Na mzee mwenye ugonjwa huu mara nyingi huvunjwa na kuanguka kuliko kutetemeka kwenyewe.

Huko Hai nako, wagonjwa ambao hawakuwa wamepata dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata ishara ya kuongoza hatua, na kwa majuma machache mwendo wao ukawa bora.

Basi anza hapo, wakati unatafuta nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, au Kabanga, au Bugando wakikuandikia. Laza vijiti uani, kimoja mbele ya kingine, kwa nafasi ya hatua nzuri ya mtu. Mzee avivuke kimoja kimoja, asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na mjukuu atembee kando yake bila kumvuta. Miguu ikiganda mlangoni, usimsukume. Mwimbie wimbo anaoujua wa mwendo, au piga makofi, naye aanze kwa mdundo. Ondoa mkeka uliokunjamana njiani. Uji mpe katika kikombe chenye mkono, ukijaze nusu tu, na umwongezee akiomba. Na siku ya harusi mketishe mahali pake, kati ya wazee wenzake, mkono wake ukiwa nje ya koti.